Kopo la Dawa Chini ya Kitanda: Kuanguka na Kupoteza Kumbukumbu kwa Wazee Wetu

Mada iliyowasilishwa kwa wananchi wa Nkololo, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu

  

Nimepewa nusu saa ya kuzungumza nanyi, nami natambua kwamba wengi wenu mmeacha kazi nyumbani na shambani ili kufika hapa. Kwa hiyo nitaanza na swali. Mzee wa nyumbani kwenu anapoanguka, familia hutafuta sababu gani? Jibu la kwanza huwa kwamba ameteleza. Jibu la pili ni kwamba huo ndio uzee. Lipo na jibu la tatu, ambalo halisemwi mbele ya mgeni aliyetoka serikalini, bali husemwa usiku kwa sauti ya chini. Nitalirudia baadaye, kwa sababu limewagharimu watu maisha yao. Ombi langu leo ni kwamba kabla ya majibu hayo yote tuulize kwanza: mzee huyu amemeza dawa gani jana na leo?

Wengi wenu mnaifahamu Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa habari za dawa bandia, dawa zilizokwisha muda wake na maduka yaliyofungwa. Kazi hiyo inaendelea. Lakini leo sikuja kuzungumzia dawa bandia. Nimekuja kuzungumzia dawa halali, iliyosajiliwa, ambayo muda wake haujaisha na ambayo imenunuliwa kwa fedha ya jasho, lakini bado inaweza kumwangusha mzee mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.

Naomba niwasimulie habari ya bibi yangu mzaa mama. Alifiwa na babu mwaka 2017, na tangu msiba ule akakosa usingizi. Duka moja la dawa likamuuzia vidonge vya usingizi bila cheti cha daktari. Vilipokwisha, alimtuma mjukuu akanunue vingine, na mjukuu aliyekuwa akitumwa nikiwa likizo ya chuo ni mimi. Sikuwahi kuuliza ni dawa gani. Muuzaji naye hakuwahi kuniuliza ni ya nani, ana umri gani, wala anatumia nini kingine. Baada ya miezi michache bibi alianza kupepesuka asubuhi. Akawa ananiita kwa jina la mama yangu. Usiku mmoja alitoka kwenda chooni, akaanguka kwenye kizingiti na kuvunjika mkono. Majirani walikuja kutupa pole, na wengine walikuja na maneno yao.

Hospitalini, mganga aliyempokea alimfunga mkono, kisha akatwambia jambo ambalo hatukulitarajia: rudini nyumbani mkalete dawa zake zote. Bibi alikuwa anazitunza katika kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Kopo lilipomwagwa mezani, vilitoka vidonge vya usingizi, yaani diazepamu. Ilikuwamo amitriptilini, aliyopewa kwa ajili ya miguu iliyokuwa ikimwaka moto. Ilikuwamo Piriton, aliyokuwa akiinywa kila usiku tangu mafua ya mwaka uliotangulia kwa kuwa, kwa maneno yake, “inanituliza”. Zilikuwamo pakiti mbili za dawa ya presha zenye rangi tofauti na majina ya biashara tofauti, ambazo ndani yake zilikuwa dawa moja. Alikuwa akizinywa zote mbili, kila asubuhi, kwa uaminifu mkubwa.

Hakuna hata moja kati ya dawa hizo iliyokuwa bandia.

Ili tuelewe kilichompata bibi, yatupasa kujua kwamba mwili wa mtu wa miaka 80 si mwili wa kijana ulioongezewa mikunjo. Figo zake huchuja polepole zaidi. Ini lake huchukua muda mrefu zaidi kuvunjavunja dawa. Maji mwilini hupungua na sehemu ya mafuta huongezeka, hata kwa mzee anayeonekana amekonda. Zipo dawa zinazopenda kujificha katika mafuta, na diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, ni mojawapo. Tangu miaka ya 1970 wataalamu walipima muda unaohitajika ili nusu ya dawa hiyo iondoke mwilini. Kwa kijana wa miaka 20 ni takriban saa 20. Kwa mtu wa miaka 80 ni takriban saa 90.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Bibi ameza kidonge Jumatatu usiku. Nusu yake bado imo mwilini Ijumaa mchana. Lakini Jumanne amemeza kingine, na Jumatano kingine, na Alhamisi kingine. Anapoamka Ijumaa kwenda kufungua mbuzi, hatembei na kidonge kimoja. Anatembea na vidonge vya juma zima, na miguu yake inajua hivyo kabla ya kichwa chake.

Diazepamu siyo peke yake. Amitriptilini, Piriton na prometazini hukausha mdomo, huzuia mkojo na choo, hufifisha macho, na kwa mzee huweza kuvuruga akili. Wapo wazee wanaoambiwa wamechanganyikiwa, kumbe wamemeza dawa ya mafua. Dawa za presha na zile za kuongeza mkojo huweza kuishusha presha ghafla mtu anaposimama, naye akaona giza. Baadhi ya dawa za kisukari huishusha sukari kupita kiasi, hasa mzee anapomeza dawa kisha akala kidogo, na dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, maneno yasiyoeleweka na kuanguka. Mwaka 1991 daktari wa Marekani aitwaye Mark Beers, pamoja na wenzake, walichapisha orodha ya dawa ambazo mara nyingi hazifai kwa wazee. Orodha hiyo imeendelea kupitiwa upya, toleo moja likiwa la mwaka 2023, na dawa nyingi kati ya nilizotaja zimo.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo hotuba kama hii inapoweza kuleta madhara. Sijasema mtu aende nyumbani akatupe dawa. Mwenye presha akiacha dawa zake kwa ghafla anaweza kupata kiharusi. Aliyezoea diazepamu akiiacha kwa siku moja anaweza kukesha, kutetemeka, hata kupata degedege. Bibi yangu alipunguziwa kidogo kidogo kwa majuma mengi, kidonge kizima, kisha nusu, kisha robo, chini ya uangalizi wa mganga.

Upo utafiti mmoja uliofanyika mjini Dunedin, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 1999. Profesa John Campbell na wenzake waliwachukua watu 93 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliokuwa wakitumia dawa za usingizi, za wasiwasi au za sonona. Baadhi yao walipewa vidonge vilivyofanana na vile walivyovizoea, lakini dawa iliyokuwamo ilipunguzwa taratibu kwa majuma 14 mpaka ikaisha. Wengine waliendelea na dawa kamili. Wale waliopunguziwa, hatari yao ya kuanguka ilishuka kwa asilimia 66. Ni nadra kuona dawa mpya ya aina yoyote ikileta nafuu ya kiasi hicho, na hapa nafuu ililetwa na kuondoa dawa. Hata hivyo, mwezi mmoja tu baada ya utafiti kwisha, karibu nusu ya walioachishwa walikuwa wamerudia vidonge vyao. Nawaeleza na hilo pia ili mjue kwamba kuacha ni kugumu, na mzee anayeshindwa si mkaidi. Njia iliyo rahisi zaidi ni kutoanza bila sababu.

Ndiyo maana diazepamu huuzwa kwa cheti cha daktari. Muuzaji anayeiuza bila cheti anavunja sheria, hata kama anamjua mteja tangu utotoni, hata kama ni shemeji yake.

Nije kwenye kumbukumbu. Maradhi ambayo wataalamu huyaita dimenshia ni kupungua kwa uwezo wa ubongo kukumbuka, kupanga, kutambua watu na mahali, mpaka maisha ya kila siku yanavurugika. Huja polepole, kwa miezi na miaka. Si kila mzee huyapata, na kwa hiyo si sahihi kuyaita uzee. Hapa kwetu Tanzania jambo hili limepimwa. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita vijijini na kuwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kwa hesabu iliyozingatia umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Hiyo ni takriban mzee mmoja katika kila 16. Kwa maneno mengine, 15 kati yao hawakuwa nayo.

Watafiti hao walikutana na tatizo ambalo ninyi mnalielewa kuliko wao. Vipimo vya kumbukumbu vilivyotengenezwa Ulaya humtaka mtu asome, aandike na achore. Bibi ambaye hakwenda shule hushindwa kipimo hicho hata kama anakumbuka ng'ombe wote wa baba yake kwa majina. Wakatengeneza kipimo kingine, ambamo mzee huulizwa siku ya juma, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano alioonyeshwa. Hakuna kalamu. Binafsi nakiona kuwa miongoni mwa kazi za heshima zaidi zilizofanywa na utafiti wa tiba katika nchi yetu, kwa sababu kimemtendea haki mzee kwa kumuuliza anachoweza kukijua.

Watafiti walipozungumza na familia za huko Hai, wengi waliyaona maradhi haya kuwa ni uzee tu. Wengine walitaja laana na uchawi. Na hapo nalirudia lile jibu la tatu.

Sisemi jambo geni kwenu. Usukumani vikongwe wameuawa, wengi wao wanawake, kwa kudhaniwa wachawi. Msomi Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa kina juu ya mauaji hayo. Ushahidi uliotolewa dhidi ya baadhi yao ulikuwa macho mekundu. Mnajua macho mekundu yanatoka wapi: ni miaka 50 ya kupikia mabua, miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mtafakari sasa habari ya mwanamke wa miaka 75 mwenye dimenshia. Anaamka saa nane usiku akidhani kumepambazuka. Anatoka nje, pengine nguo imemvuka, anapita uwanja wa jirani akitafuta nyumba aliyoishi alipokuwa msichana. Anazungumza na mama yake aliyekufa miaka 40 iliyopita. Sungusungu wanapomkuta na kumuuliza anatafuta nini pale, hana jibu. Kila anachokifanya ni dalili iliyoandikwa katika vitabu vya tiba, na kila anachokifanya kinaweza kusomwa vingine na mtu mwenye hofu.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa sungusungu walioko hapa, wazee wangu, mkimkuta mzee usiku amepotea, mfunikeni nguo, mrudisheni kwao, na asubuhi familia impeleke katika kituo cha afya. Na iende na kopo lake.

Lipo jambo jingine la kulitofautisha. Dimenshia huja polepole. Mzee aliyekuwa timamu Jumapili na amechanganyikiwa Jumanne, haoni vizuri, anaona watu wasiokuwapo, analala mchana na kukesha usiku, huyo hana dimenshia iliyoanza jana. Huyo anaumwa, na anaumwa leo. Yawezekana ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, au dawa mpya aliyoanza juma lililopita. Mzee huweza kuwa na maambukizi makali bila homa kubwa, na dalili ya kwanza ikawa ni maneno yasiyo na mpangilio. Sababu hizo nyingi hutibika. Huyo msimsubirishe mpaka mnada upite, wala msimzungushe kwa mganga wa ramli. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Najua lipo swali linalowangoja ulimini. Je, hakuna dawa ya kuirudisha kumbukumbu? Minadani na ndani ya mabasi huuzwa chupa na vidonge vinavyodaiwa kusafisha ubongo. Nasema wazi: hakuna dawa inayoponya dimenshia, si hapa wala ng'ambo. Marekani mwaka 2023 iliidhinisha dawa iitwayo lekanemabu. Katika majaribio ilipunguza kasi ya maradhi kwa asilimia 27 katika miezi 18, tena kwa watu waliokuwa hatua za mwanzo tu, na huweza kusababisha uvimbe au damu kuvuja katika ubongo. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Ikiwa maabara zenye fedha nyingi kuliko zote duniani zimefika hapo tu, mtu anayewauzia chupa ya tiba kamili kwa shilingi elfu kumi anawauzia nini?

Vilevile jihadharini na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina. Wazee wengi hupewa mchanganyiko wa namna hiyo kwa ajili ya mgongo na magoti. Usipojua jina la dawa, mganga hawezi kujua imegongana na nini. Dai pakiti yenye jina la dawa, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na tazama jina la dawa yenyewe, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Hilo ndilo lililotuponyoka sisi kwa zile pakiti mbili za presha. Asiyeweza kusoma amwombe mjukuu amsomee, na mjukuu asifanye kama nilivyofanya mimi.

Kuhusu nyumba sitasema mengi, kwa kuwa nyumba zenu mnazijua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mzee awe na tochi karibu na kitanda, na njia ya chooni iondolewe kamba, majembe na mawe. Anapoamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha ndipo asimame. Na asifungiwe ndani kwa kuogopa kuanguka, kwa maana miguu isiyotumika hulegea upesi. Mapitio makubwa ya tafiti 108, yaliyotolewa mwaka 2019, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23. Mazoezi yenyewe hayahitaji kiwanja. Kuinuka kitini mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, na kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta, yanatosha kuanzia.

Mtaniuliza bibi yangu aliishia wapi. Mkono uliunga. Alipopunguziwa dawa aliacha kupepesuka, akarudi kupanga mwenyewe michembe yake juani. Akili yake ilipambazuka kwa sehemu kubwa, lakini si yote. Ilibainika kwamba chini ya ukungu wa dawa palikuwa pia na dimenshia ya kweli, changa, na hiyo haikuondoka. Bado hunichanganya na mama yangu siku nyingine. Lakini haanguki.

Kwenye meza ile chini ya mti ameketi mfamasia tuliyekuja naye, pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji. Tuliomba katika tangazo kila kaya ije na dawa za mzee wao, na naona makopo na vikapu kadhaa hapa mbele. Watazisoma moja moja. Penye dawa mbili zinazofanana, au dawa isiyomfaa mzee, wataandika barua fupi kwa mganga wa kituo chenu ili aamue yeye. Aliyepata maudhi ya dawa atajaziwa fomu ya taarifa, nasi tutaifikisha ofisini. Hakuna atakayenyang'anywa dawa, na hakuna atakayeulizwa alizinunua kwa nani kama hataki kusema. Tuanze na wale waliotoka mbali zaidi. Bibi mwenye kikapu chekundu, karibu mbele.